Alikataa Kuoga

Sentensi niliyoiandika mara nyingi kuliko zote maishani mwangu haimo katika tasnifu wala katika barua ya mapenzi. Ni hii: alikataa kuoga. Niliiandika kwa Kiingereza, kwenye kompyuta iliyopachikwa ukutani katika korido ya nyumba ya kutunzia wazee, kwenye mji mmoja mdogo magharibi mwa Massachusetts. Kusema kweli sikuiandika. Unagusa kisanduku kimoja kwenye kioo, sentensi inajiandika yenyewe pamoja na jina lako na saa, nawe unakwenda chumba kinachofuata.

Mama alipata viza ya bahati nasibu nikiwa kidato cha tatu Tanga, tukahamia Marekani wote wanne. Nilipoanza chuo nilifanya kama wanavyofanya wengi wetu kutoka Afrika Mashariki: nilisomea kazi ya usaidizi wa wauguzi. Sheria ya shirikisho inataka saa 75 za mafunzo kwa uchache, kisha mtihani, kisha unakabidhiwa watu. Sasa niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika tafsiri. Jumatatu hadi Ijumaa tunakaa darasani tukibishana juu ya kiambishi kimoja mpaka mwalimu anaangalia saa. Jumamosi na Jumapili naogesha watu.

Makala hii ni uhakiki, na matini ninayotaka kuihakiki ni fomu. Lakini kabla ya kuifungua sina budi kueleza jinsi nilivyoshindwa kusoma sentensi ya maneno mawili, mimi ninayelipiwa ada ili nisome.

Palikuwa na mzee mmoja. Nimebadilisha mambo machache asitambulike; nitamwita Mzee tu. Alikuwa na ugonjwa wa kusahau uliokwisha kumla sehemu kubwa ya lugha yake. Ratiba ya kuoga ilibandikwa ndani ya mlango wa stoo ya mashuka, na ilipangwa kwa namba za vyumba: chumba chake kilikuwa Jumatano na Jumamosi, zamu ya asubuhi. Kwa hiyo kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu nilikwenda kumwamsha, nikamvua nguo za kulalia, nikamfunika shuka, nikamsukuma kwenye kiti chenye magurudumu na tundu katikati mpaka chumba cha kuogea mwisho wa korido. Hapo kila kitu ni vigae, na sauti ya maji hugonga kuta nne ikarudi. Alikuwa akisema maneno yaleyale: "Sijamaliza kazi." Akishika bomba la ukutani asiachie. Siku moja alinipiga kofi la sikio. Siku nyingine tulimshika wawili, mimi nikivifungua vidole vyake kimoja kimoja kutoka kwenye lile bomba huku mwenzangu akimmwagia maji, na siku hiyo sikugusa kisanduku cha "alikataa". Niligusa kisanduku cha "ameoga". Kwenye kumbukumbu za nyumba ile hiyo ni siku iliyokwenda vizuri.

"Sijamaliza kazi" nililisikia kama maneno ya ugonjwa. Mtu wa zaidi ya miaka themanini, hana kazi, hajui mwaka gani. Maneno yanamtoka tu. Miezi minne baadaye binti yake alikuja kumtembelea, tukawa tunapiga soga huku nikikunja nguo zake. Nikamwambia, kwa adabu niwezavyo, kwamba baba yake hapendi maji. Akashangaa. Baba yake, alisema, alikuwa mwoka mikate kwa miaka mingi. Aliondoka nyumbani usiku wa manane na kurudi mchana akiwa na unga hadi kwenye nyusi, na kabla hajamsalimia mtu alikuwa anaingia bafuni. Alikuwa anaimba humo. Watoto walijua chakula cha mchana kimekaribia wakisikia maji yanafungwa.

Kwa hiyo ile sentensi ilikuwa na maana. Ilikuwa na nafsi, wakati, ukanushi, kila kitu mahali pake. Mtu anaoga baada ya kazi. Yeye alikuwa hajamaliza. Nilikuwa nimeisikia kila wiki kwa miezi minne.

*

Sasa fomu.

Mwaka 1987 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kurekebisha nyumba za wazee, baada ya miaka mingi ya malalamiko kuhusu watu kufungwa kamba vitandani na kuachwa na vidonda. Sheria hiyo ilileta mafunzo ya lazima kwa watu wa kazi yangu, na ikaleta pia tathmini ya pamoja ambayo kila nyumba inayopokea fedha za Medicare au Medicaid lazima imjazie kila mkazi. Fomu ya tathmini hiyo inaitwa Minimum Data Set. Toleo la 3.0, lililoanza kutumika Oktoba 2010, lilifanya jambo la kheri ambalo mhakiki mwenye haki hana budi kulitaja kwanza: liliamuru mzee mwenyewe aulizwe. Zamani wafanyakazi walijaza kwa kutazama na kukumbuka. Sasa kuna mahojiano, uso kwa uso, mzee anapoingia na kisha kila mwaka, na fomu inamtaka muulizaji asome swali kama lilivyoandikwa.

Kuoga kumo kwenye Sehemu F, ile ya mazoea na mambo ayapendayo mtu. Ni swali la tatu kati ya manane, baada ya kuchagua nguo na kutunza vitu vyako, kabla ya vitafunio. Nikilitafsiri linakuwa hivi: ukiwa katika kituo hiki, ni muhimu kiasi gani kwako kuchagua kati ya kuoga kwenye hodhi, kuoga kwa shawa, kuogeshwa kitandani au kupanguswa kwa sponji? Majibu yanatolewa pamoja na swali. Muhimu sana ni 1. Muhimu kiasi ni 2. Si muhimu sana ni 3. Si muhimu kabisa ni 4. Kuna na la 5, ambalo nitalirudia.

Lisome tena polepole. Swali haliulizi unapenda kuoga vipi. Linauliza kuchagua kuna uzito gani kwako. Ni kama mhudumu wa hoteli akuletee orodha ya vyakula, akuulize ni muhimu kiasi gani kwako kuchagua kati ya wali na ugali, aandike "muhimu sana," akushukuru, aende zake jikoni. Umeheshimiwa. Hujaagiza.

Watetezi wa fomu watasema kwamba swali ni mlango tu: jibu likishakuwa "muhimu sana," wauguzi wanatakiwa kukaa na mzee, kuuliza zaidi na kuandika kwenye mpango wake wa huduma. Ni kweli. Pale kwetu kuna muuguzi mmoja anayefanya hivyo, na mipango yake husomeka kama wasifu mfupi wa mtu. Lakini mlango unaofungukia chumba ambacho si lazima kiwe na kitu ni mlango wa kutiliwa shaka. Kinachosafiri kutoka nyumba ile kwenda kwenye kompyuta za serikali ni tarakimu. Kinachobaki mlangoni mwa stoo ya mashuka ni ratiba.

Lipo jambo jingine, na hili niliposoma fomu nzima lilinifanya niiweke chini kwa muda. Kama mzee hawezi kuhojiwa, na hakuna ndugu wa kumjibia, wafanyakazi hujaza sehemu nyingine baadaye kidogo. Huko ni orodha ya vitu ambavyo mkazi anaonekana kuvipenda, unaweka alama tu. Na kwenye orodha hiyo hodhi ina kisanduku chake, shawa ina kisanduku chake, kitanda kina chake, sponji ina yake. Yaani mtu anayeweza kusema, fomu inahifadhi uzito wa neno lake na kuliacha neno lenyewe. Mtu asiyeweza kusema ndiye anayeandikiwa anachopenda. Sidhani kama kuna aliyekusudia hivyo. Lakini ndivyo matini ilivyo, na tumefundishwa kuhakiki matini.

*

Mwaka jana ilinibidi nilitafsiri swali hilo kwa mdomo. Aliletwa mama mmoja kutoka Kivu, aliyefika Marekani na wanawe baada ya miaka mingi ya ukimbizi, akavunjika nyonga, akaletwa kwetu kupona. Mkalimani wa simu alikuwa anakatikakatika. Muuguzi akanitoa kwenye zamu, akaniketisha kando ya kitanda na lile karatasi la majibu lenye herufi kubwa.

Nilianza kwa kukosea. Nilimwita Bibi. Akacheka mpaka akashika nyonga: kwao bibi ni mke wa mtu. Nikamwita Mama, tukaendelea. Nguo, vitu vyake, vilipita. Tulipofika kwenye kuoga nikasoma swali lote, na nne zake. Akaniangalia kwa huruma, kama mtoto aliyetumwa ujumbe asiouelewa.

"Mi naogaka kila siku, mwanangu."

Nikaeleza: hapana Mama, wanauliza kama ni muhimu kwako kuchagua. Kuchagua nini? Kuchagua namna. Namna gani? Nikarudia zile nne. Akauliza ndoo iko wapi.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba na mimi, niliyekulia Tanga kwa ndoo na kopo, sikuwahi kuona kwamba ndoo haimo. Fomu ina namna nne za kuoga, na sehemu kubwa ya watu ninaowajua duniani wanaoga kwa namna ya tano. Ndoo si sponji, kwa maana maji yanamwagika mwilini na mtu anajisikia ameoga. Si shawa, kwa maana maji yako mkononi mwako: wewe ndiye unayeamua yaje lini, yaanzie begani au miguuni, yakawie kiasi gani kati ya kopo na kopo. Anayeogopa shawa mara nyingi anaogopa jambo hilohilo, maji yanayokuja kichwani bila kuuliza. Kopo halimshtui mtu.

Mama yule alikuwa na mengine ambayo fomu haikuyatafuta. Alitaka mwanamke. Ratiba ilikuwa imempa kijana mmoja mpole, mchapakazi, na alipomwona anaingia na taulo aligeukia ukutani na kunyamaza hadi jioni. Alitaka kufunikwa kitambaa wakati wa kuoga, asikae uchi mbele ya mtu anayeweza kuwa mjukuu wake. Alitaka aachwe ajisugue mwenyewe mpaka mkono unapofika, nami nimalizie mgongo na miguu.

Tulipata beseni, tukapata kopo la plastiki jikoni, tukamweka kwenye kiti cha kuogea, nikamfunika kwa kitenge chake. Akaoga. Kwenye fomu muuguzi aliandika 1. Tarakimu ikaenda Washington au inakokwenda. Ndoo ilibaki kati yetu sisi watatu, na siku za zamu ambazo hakuna hata mmoja wetu, haikuwapo.

*

Kiswahili kina mchango wake katika kuisoma fomu hii. Mtu anaoga. Kitenzi hicho hakitaki yambwa: siwezi kukuoga, wala huwezi kunioga. Nikitaka kukufanyia, lazima nipitie kauli ya kutendesha: nakuogesha, yaani nakuwezesha uoge. Hata nikifanya kazi yote mimi, sarufi inamwachia anayeogeshwa nafasi ndani ya tendo. Kuosha ni jambo jingine. Tunaosha vyombo. Tunaosha gari. Na tunamwosha maiti, kwa sababu yeye peke yake miongoni mwa watu ndiye asiyeweza tena kuoga.

Najua tofauti hii imefifia, na wapo wanaosema kuosha mtoto bila kuwaza msiba. Lakini mimi nilifundishwa na bibi yangu mzaa mama, na hakunifundisha kwa upole.

Bibi alipata kiharusi miaka miwili kabla hatujahama. Maisha yake yote alikuwa akioga alasiri, kabla ya Magharibi, akiwa na kanga mbili, moja ya kuogea na moja ya kujifutia, akitoka humo ananukia udi kwa sababu alikuwa ameifukiza ile ya pili mapema. Alipolala kitandani alimwogesha shangazi. Shangazi alikuwa anauza maandazi sokoni, maji ya bomba yalitoka alfajiri, na mjini kwetu bomba likikata limekata. Kwa hiyo Bibi alioga alfajiri, kwa haraka, kwa maji ambayo hayakuwahi kupata moto wa kutosha. Hakuna aliyemuuliza. Ungemuulizaje, na jibu ungelifanyia nini? Mimi nilikuwa nashika taa. Siku moja, kwa ule upande wa mdomo uliobaki, Bibi alisema, "Mnaniosha kama sufuria."

Shangazi alilia siku hiyo njia nzima ya kwenda sokoni. Nami sijawahi kusahau kitenzi alichokichagua.

Nalisimulia hili ili nisije nikaonekana nasema kwamba Wazungu wana fomu na sisi tuna utu. Nyumbani hatukuwa na fomu, wala swali, wala mtu wa kugusa kisanduku. Tulikuwa na upendo mwingi na ratiba ya bomba la maji. Lile swali bovu la 2010, lenye namna zake nne na mizani yake ya moja hadi tano, lingekuwa swali la kwanza Bibi kuulizwa kuhusu mwili wake tangu augue. Angejibu, na angelijibu vizuri kuliko lilivyoulizwa.

*

Nirudi kwa wenye elimu yao. Mwaka 2002 Ann Louise Barrick, Joanne Rader, Beverly Hoeffer na Philip Sloane walitoa kitabu kiitwacho Bathing Without a Battle, yaani kuogesha bila vita. Jina hilo ni ungamo zito kuliko yote niliyoyasoma katika fani hii: linakubali kwamba ilikuwa vita. Mwaka 2004 Sloane na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya katika nyumba 15 za wazee, tisa Oregon na sita North Carolina, kwa wakazi 73 ambao kuwaogesha kulikuwa kugumu. Kundi moja liliendelea kama kawaida. Kundi jingine waliogeshwa kwa shawa, ila kwa kumfuata mtu: anachopenda, saa yake, kufunikwa, maji anayoyataka, maneno anayoyazoea. Kundi la tatu waliogeshwa kitandani kwa taulo kubwa lenye maji ya moto na sabuni isiyohitaji kusuuzwa, mwili ukibaki umefunikwa muda wote na mikono ya muuguzi ikisugua juu ya taulo.

Vipigo, mateke na mengine ya namna hiyo vilipungua kwa asilimia 53 katika kundi la shawa na asilimia 60 katika kundi la taulo. Na wale wanaoamini kwamba bila shawa mtu habaki safi walijibiwa: vijidudu vya ngozi havikuongezeka katika kundi lolote, na ngozi za watu wa taulo zilikuwa bora zaidi.

Nilipoyasoma hayo nilifanya hesabu isiyopendeza. Ikiwa zaidi ya nusu ya vipigo huondoka mtu anapofuatwa anavyotaka, basi zaidi ya nusu ya kile tulichokiita ukali wa wagonjwa kilikuwa jibu. Tulikuwa tunauliza swali kwa maji baridi na mikono miwili, wakatujibu.

Kilichonigusa zaidi kilikuwa namba ndogo kuliko hizo. Kuogesha kwa shawa kwa kumfuata mtu kuliongeza muda kwa wastani wa dakika 3.3. Taulo halikuongeza muda wa kuhesabika. Dakika tatu na ushei.

Nilimpelekea namba hiyo dada mmoja wa Kisii aliyenifundisha kazi, aliyekwisha kuifanya kwa miaka mingi kuliko umri wangu wa kusoma. Alikuwa anakunywa chai amesimama, maana hajawahi kuinywa ameketi. "Mdogo wangu," akaniambia, "wewe una wazee wangapi leo?" Kumi na mmoja. "Wa kuoga?" Wanne. "Haya, dakika zako tatu mara nne ni kumi na mbili na zaidi. Nionyeshe kwenye ratiba zipo wapi." Nikanyamaza. "Mimi nawapenda hawa watu," akasema. "Ila ukimngoja kila mmoja ajisikie, saa nne itakukuta na wazee wachafu, na anayeitwa ofisini ni wewe. Wenye kanuni hawaitwi."

Ana haki, na uhakiki unaomkwepa hauna maana. Kanuni za shirikisho zilizorekebishwa 2016 zinasema wazi kwamba mkazi ana haki ya kuchagua ratiba yake, ikiwa ni pamoja na saa ya kulala na kuamka. Ni maneno mazuri, na yameandikwa na watu ambao hawatapewa chumba cha kuogea kimoja kwa wakazi arobaini. Lakini nilipoitazama ratiba ya mlangoni kwa jicho la dada yule, niliona kwamba haikupangwa hivyo ili kuokoa dakika. Ilipangwa kwa namba za vyumba kwa sababu namba za vyumba hazibadiliki mtu anapokufa. Ni ratiba ya vitanda. Anayelala humo anairithi.

Na hapo ndipo jibu la 5 linaporudi. Nikilitafsiri: ni muhimu, lakini siwezi, au sina nafasi ya kuchagua. Waliotunga fomu walijua. Walijua kuna wazee watakaosema hivyo, wakawatengenezea tarakimu. Sijui kama kuna mstari katika maandishi ya kiserikali wenye ukweli mchungu kuliko huo, na kila nikiupitia namsikia Bibi na sufuria yake. Tofauti ni kwamba Bibi alipolisema, mtu mmoja alilia njia nzima.

*

Sasa niitazame sentensi yangu mwenyewe. Alikataa kuoga. Kitenzi kiko katika nafsi ya tatu, mtendaji mmoja, yeye. Mimi simo. Saa haimo. Kigae baridi, tundu la kiti, korido ndefu, mlango uliokuwa wazi, vyote havimo. Msomaji wa kumbukumbu ile hajui mzee alipewa nini hata akakikataa. Katika fasihi msimulizi wa namna hiyo tungemwita asiyeaminika, tukamwandikia insha. Kazini tunamwita mkamilifu, maana kisanduku kimejazwa.

Baada ya binti wa Mzee kuondoka nilimwendea muuguzi wa zamu, nikaomba Mzee ahamishiwe mchana. Ilichukua wiki tatu, kwa sababu palibidi mtu mwingine wa chumba kingine akubali asubuhi yake. Alipatikana mama mmoja aliyekuwa mwalimu, ambaye maisha yake yote alioga kabla ya jua kuchomoza na alikuwa amepangiwa mchana. Alikuwa amelalamika tangu afike. Imeandikwa kwamba alikuwa anakataa kuoga.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda kwa Mzee saa saba kasoro. Nilimwambia, "Zamu imeisha." Aliangalia mikono yake, mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta unga. Kisha akanyoosha mguu nimvue soksi. Hakuimba. Sitaki kukudanganya kwamba aliimba. Lakini lile bomba la ukutani alilishika kwa mkono mmoja tu, kama mtu anavyoshika kitu asianguke.

Zipo siku bado anakataa. Zipo siku chumba kina mtu mwingine na tunarudi kwenye asubuhi. Siku hizo nagusa kisanduku kilekile, kisha nafungua sehemu ya maelezo iliyo chini yake, ambayo hakuna anayelazimishwa kuijaza. Naandika: aliitwa kuoga saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alisema hajamaliza kazi. Mrudieni baada ya saa sita mchana.

Dada wa Kisii aliponiona nikichapa aliniambia niache kuandika insha, wazee wanangoja. Jumatano iliyofuata nilikuwa darasani, tukibishana juu ya kiambishi. Jumamosi nilipofungua kumbukumbu za Mzee, nilikuta aliogeshwa Jumatano saa saba na robo, na jina lililokuwa hapo lilikuwa la dada.